Waya wa Sheval

Kule Prijevor, kwenye milima ya Bosnia, nyama hukaushwa kwa moshi, na pamoja na nyama hukaushwa kila kitu ambacho mwenye nyumba anakithamini. Kuanzia Novemba, ndani ya kibanda cha moshi cha Hilmo Karalich kulikuwa na mapaja mawili ya ng'ombe, nusu ya kondoo, misururu ya soseji, na katikati yao, umeviringishwa kama nyoka aliyeshiba, waya wa winchi wenye urefu wa mita arobaini. Pembeni ilining'inia ndoano ya kuvutia magari, kapi moja na pingu nne za chuma za kuungia waya. Mgeni angeweza kudhani kwamba navyo vitaliwa Januari.

Desturi hiyo aliianzisha baba yake, marehemu Meho, ambaye alivuta magogo msituni kwa farasi na kamba za katani. Kamba ya katani ikilowa theluji kila siku huoza. Meho alizitundika zake juu ya moto pamoja na nyama, moshi ukafukuza ukungu, na moja kati ya kamba hizo ilimtumikia miaka kumi na tisa, muda mrefu kuliko farasi wake yeyote. Kijiji kizima kiliiga. Meho alipofariki, Hilmo aliirithi kazi bila farasi, na kibanda bila swali. Akanunua lori la winchi, akawa anavuta magari yaliyokwama, na kamba ya katani ikawa waya wa chuma. Moshi ukabaki uleule.

Barabara ya Prijevor hupanda mita mia nane kwa kona thelathini na moja, na majira ya baridi idara ya barabara huimwagia chumvi kwa ukarimu ambao haiuonyeshi katika jambo lingine lolote. Hupita chumvi kwanza, halafu gari la kusukuma theluji, halafu Hilmo. Gari lililoishi hapo miaka mitano huwa na milango inayopitisha mwanga. Wavutaji magari wa upande wa pili wa mlima, ifikapo Februari, zana zao zilikuwa nyekundu kwa kutu. Pingu zimeshikana mpaka zifunguliwe kwa nyundo, na ndoano zinaacha alama viganjani. Zana za Hilmo zilikuwa nyeusi, zinang'aa, laini kwa mafuta. Madereva walimtania kwamba ukivutwa na Hilmo unasikia njaa. Kutu haikuonekana popote. Neno la muhimu hapo lilikuwa "haikuonekana", lakini wakati huo hakuna aliyelitilia mkazo.

Mwenzake wa kazi alikuwa Sheval Pandur. Walikaa dawati moja shuleni, waliingia jeshini siku moja, na walioa wiki moja kwa sababu wanamuziki walikuwa wameshafika. Hilmo alishika mpini wa winchi. Sheval ndiye aliyelala chini ya magari kwenye theluji kufunga ndoano, kwa kuwa alikuwa mwembamba, na kwa kuwa lori halikuwa lake. Pia ndiye aliyenunua vifaa, maana alikuwa na jicho la kutambua chuma kizuri. Kiwanda cha mbao cha bondeni kilipofungwa, Sheval alikwenda akautazama waya wao, uliokuwa umetundikwa miaka yote ndani ya banda kavu. Aliupitisha mikononi mita kwa mita, kwa saa mbili, bila glavu. Akaununua. Jioni ileile Hilmo akautundika kati ya mapaja ya ng'ombe.

Waya huo ulikatika katika majira yake ya tatu ya baridi, mchana kweupe, kwenye kona ya kumi na tisa. Lori lililoteleza mtaroni lilikuwa limebeba vigae vya bafuni. Sheval alifunga ndoano, akatoka chini, akaanza kuvua koti lake ili alilaze juu ya waya. Alifanya hivyo kila mara: waya ukikatika ukiwa na koti zito juu yake, huanguka chini badala ya kurudi kama mjeledi. Hilmo, mkono kwenye mpini, akapaza sauti:

"Achana na koti, bwana! Hapa tunavuta lori, hatuaniki nguo!"

Madereva waliosimama pale wakacheka. Sheval naye akacheka. Alikuwa amesimama, mkono mmoja ndani ya koti na mmoja nje, Hilmo alipovuta mpini.

Madaktari walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Katika lile lori hakikuvunjika hata kigae kimoja.

Hukumu ilitoka ndani ya siku nne, kwenye mkahawa wa Fehim, ambako hukumu zote za Prijevor hutolewa. Waya ulikuwa mtumba. Nani aliununua? Sheval. Basi. Fehim, mtu mwenye masharubu yaliyotunzwa vizuri kuliko vikombe vyake, aliomba kipande chenye ncha iliyokatika, akakitundika kwenye msumari juu ya kaunta, na chini yake akabandika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: WAYA WA SHEVAL. Alisema ni kwa usalama wa umma.

Kuanzia hapo Sheval hakupoteza mguu tu. Mtu huzoea mguu wa bandia. Sheval alizoea ndani ya mwaka mmoja, akawa anapanda ngazi vizuri kuliko Fehim. Kilichomshinda ni misumari. Kamati ya msikiti ilimtuma mjini kununua misumari ya paa, na alipoileta, mjumbe mmoja akaikunja mmoja mmoja kwenye jiwe kuona kama itavunjika. Mdogo wake alipojenga geti, alimficha asijue kufuli inanunuliwa lini. Jirani aliomba chumvi, mke wa Sheval akampa, jirani akairamba kwanza. Sheval alikuwa fundi ambaye watu walimletea misumeno ya mashine kutoka vijiji sita. Misumeno ikaacha kuja. Akabaki kuchonga mipini ya shoka. Mbao, alisema, haipati kutu.

Mwanzoni alijitetea. Aliwaambia wote kwamba waya ulikuwa mzima siku aliyoununua. Watu walimsikiliza kwa upole, namna wanavyomsikiliza mlevi anayesema hajanywa.

Na Hilmo? Hilmo hakusema neno baya juu ya Sheval hata siku moja. Watu walimsifu kwa hilo. Hakusema neno zuri pia, lakini hilo halikutajwa. Kila Januari alimpelekea paja la nyama kavu kutoka kibandani mwake, lile bora. Na alianza tabia mpya: kila baada ya majira mawili ya baridi alitupa waya na kununua mwingine, mpya, wenye kibati cha kiwanda na cheti. "Huyo ni mtu aliyejifunza kutokana na kosa la mwenzake," walisema mkahawani, na kumwongezea kibonge cha sukari.

Hivyo ikapita miaka minane. Katika wa nane, kiwanda kilichelewesha waya mpya, na Hilmo akaingia majira ya tatu na waya uleule.

Katikati ya Januari aliitwa kwenye kona ya kumi na mbili. Gari dogo la buluu lilikuwa limelala mtaroni, na kando yake alisimama mama wa miaka sitini hivi, amevaa buti za mpira na kofia ya kufumwa, akila tufaha. Jina lake lilikuwa Jelisava Radman. Hilmo akamsalimu, akakokota waya, akapiga magoti kufunga ndoano.

"Ngoja, fundi," yule mama akasema. "Huo waya umeupika?"

"Nimeukausha, mama. Kwa moshi."

"Naisikia harufu. Kuni za mti gani?"

"Mplamu."

"Kwa nyama, mplamu hauna mpinzani. Nipe bisibisi."

"Mama, kaa kando tu, waya huu unajua kazi yake."

"Mwanangu, mimi miaka thelathini na mbili nimekagua nyaya za kushushia watu mgodini, kule bondeni kwenye makaa ya mawe. Watu sitini kwenye waya mmoja, asubuhi, mchana na usiku. Gari langu halitoki hapa kwa kitu ambacho sijakitazama. Bisibisi."

Hilmo akampa. Mama Jelisava aliukunja waya juu ya goti lake, akachomeka bisibisi katikati ya nyuzi, akaipinda. Nje nyuzi zilikuwa nyeusi na laini. Zilipoachana, kutoka ndani ukamwagika unga mwekundu juu ya theluji, mwingi, kama mtu amekanyaga pakiti ya pilipili. Nyuzi za katikati hazikuwa nyuzi tena. Alizigusa kwa kucha zikavunjika kama tambi mbichi.

"Mh," akasema mama Jelisava, akamaliza tufaha lake.

Hilmo alibaki amepiga magoti. "Una cheti," akasema. "Cha kiwanda."

"Cheti nacho ulikitundika kwenye moshi?"

"Kutu haujawahi kuwa nayo hata chembe. Waulize watu wote hapa."

"Nje, hauna. Sikiliza, fundi. Moshi una uchachu, kama siki. Unaingia ndani ya waya na unabaki. Nyama umeitia chumvi?"

"Nyama isiyotiwa chumvi ni ya nini?"

"Basi inadondosha maji ya chumvi. Chini yake kuna nini?"

Wote wawili walijua chini yake kuna nini.

"Barabarani chumvi, nyumbani chumvi," mama akaendelea. "Unatoka hapa umeloa, badala ya kuuosha kwa maji safi na kuukausha, unaupeleka ukanywe nyingine. Halafu unapaka mafuta juu, unaifungia ndani ili isitoroke. Huu waya haujapumzika hata siku moja tangu umeuoa."

"Baba yangu alifanya hivihivi miaka arobaini."

"Kwa waya?"

"Kwa kamba. Za katani."

"Basi baba yako alikuwa sahihi kabisa. Katani huoza, na moshi huzuia kuoza. Chuma hakiozi, fundi. Kinaliwa."

Upepo ukaanza kuutawanya ule unga mwekundu. Hilmo aliutazama, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua:

"Na waya mkuukuu, tuseme, wa kiwanda cha mbao? Uliokaa ndani, bandani, miaka kumi?"

"Penye vumbi la mbao, pakavu, na grisi yake? Huo ningeuchukua nikauacha wako mpya. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Majira ya tatu huu?"

"Ya tatu."

"Ungekatika leo au Jumanne. Mimi si mpiga ramli."

Gari la buluu lilitolewa na trekta la idara ya misitu. Hilmo alirudi nyumbani akiendesha polepole, ingawa hakuwa akivuta kitu.

Kesho yake asubuhi, mkahawa ukiwa bado mtupu na Fehim yuko jikoni anakaanga kahawa, Hilmo alipanda kwenye kiti, akakishusha kile kipande kutoka kwenye msumari, akachomeka bisibisi. Miaka minane ya mvuke wa kahawa na moshi wa sigara, na bado kilinukia nyama. Ndani kilikuwa chekundu. Alikirudisha mahali pake, akapangusa kaunta kwa mkono wa koti, na alipotoka nje mkono huo ulikuwa na rangi ambayo mkewe Zumreta alijaribu kuifua mara tatu.

Zumreta ndiye aliyeambiwa kwanza. Alikuwa akikatakata kabichi ya siki.

"Utasema?" akauliza.

"Nitasema. Ijumaa, mkahawani, mbele ya wote."

"Nenda kwa Sheval kwanza."

"Aibu ilitundikwa hadharani, itashushwa hadharani."

"Hilmo. Nenda kwa Sheval kwanza."

Hoja ya Hilmo ilikuwa nzuri. Pia ilimwepusha kwenda kwa Sheval kwa siku mbili zaidi.

Ijumaa, baada ya sala, mkahawa ulijaa. Hilmo alisimama kando ya jiko la kuni, kofia mkononi, akaeleza kila kitu kwa mpangilio: waya mpya, mama wa mgodini, bisibisi, uchachu, maji ya chumvi, unga mwekundu. Alisema waya wa Sheval ulikuwa mzima siku ulipoingia kijijini. Alisema aliuua yeye, Hilmo, ndani ya kibanda chake, kwa majira matatu. Alisema wanaume hawa wote walikuwa wamemwonea mtu miaka minane, na yeye akiwa wa kwanza.

Mtu mmoja alimaliza kikombe chake. Kisha Fehim akaweka sinia chini, macho yamemlegea.

"Hilmo," akasema, "wewe una roho ya dhahabu."

"Fehim, umenisikia?"

"Nimekusikia, ndugu yangu. Wote tumekusikia. Mtu anabeba kosa la mwenzake baada ya miaka minane, ili mwenzake apate usingizi. Wallahi, watu wa namna yako wamekwisha."

"Simbebei mtu! Ni moshi! Njoo kibandani kwangu uone!"

Hapo akaingilia mzee Nazif, aliyekuwa na miaka themanini na minne na kibanda kikubwa kuliko vyote kijijini.

"Hilmo, mwanangu, tulia. Moshi unaharibu chuma?"

"Unaharibu, mzee."

"Minyororo yangu inakaa kwenye moshi tangu kabla hujazaliwa. Msumeno wa babu yangu uko kwenye moshi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mpumbavu?"

"Baba alikuwa na katani."

"Nakuuliza: alikuwa mpumbavu?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa unywe kahawa."

"Nendeni mkaifungue hiyo minyororo yenu, mtazame ndani!"

"Mnyororo hauna ndani," akasema Nazif, na watu wakacheka, na ikawa imekwisha.

Maana jambo lilikuwa wazi. Kama Hilmo alisema kweli, basi nyumba ishirini na sita za Prijevor zilikuwa zikizitia chumvi zana zao wenyewe kila Novemba kwa heshima na dua. Kama Hilmo alikuwa tu mtu mwema, hakuna aliyehitaji kubadilisha kitu chochote. Waliamua kwamba ni mtu mwema. Alilipiwa kahawa, na wawili walimkumbatia mlangoni. Kile kipande kikabaki kwenye msumari, na sasa kilikuwa na hadithi ndefu zaidi.

Kutoka hapo alikwenda kwa Sheval, juu ya kilima, kwa miguu. Alimkuta karakanani, amekaa kwenye kigoda na mguu wa bandia umenyooshwa mbele, anachonga mpini. Sakafu nzima ilikuwa maranda meupe.

"Ingia, walii wetu," akasema Sheval bila kuinua kichwa. "Pangusa viatu."

"Umeshasikia."

"Fehim amenipigia simu kabla hujamaliza kahawa. Ametaka nijue jinsi ninavyopendwa."

"Nimewaambia ukweli, Sheval."

"Najua. Mimi nami nimewaambia miaka minane. Waya ulikuwa mzima. Nilikuambia na wewe, hospitalini, unakumbuka? Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulileta nyama."

"Sikujua."

"Hukujua." Sheval alipuliza maranda kutoka kwenye mpini. "Lakini kila baada ya majira mawili ulitupa waya. Mtu asiyejua kitu hatupi waya mzima, Hilmo."

Hilmo alitafuta mahali pa kukaa, hapakuwapo. Alitaka kusema kwamba kati ya kujua na kutojua kuna sehemu pana, na kwamba watu wengi huishi humo maisha yao yote wakiwa na afya njema. Hakuwa na maneno hayo. Aliuliza:

"Nyama uliila?"

"Mbwa. Alikuwa na kiu maisha yake yote, maskini."

Sheval alichonga, akapima kwa jicho, akachonga tena.

"La koti umewaambia?" akauliza.

"Lipi?"

"Hatuaniki nguo."

Hilmo alishusha macho. "Hapana."

"Basi hukuwaambia ukweli. Umewaambia habari za chumvi."

"Nitarudi niwaambie."

"Usirudi! Ukirudi watakujengea kaburi lenye kuba." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Ule utani nilikusamehe siku ileile. Ulikuwa mzuri, hata mimi nilicheka. Lakini ungekuja hapa kwanza, Hilmo. Hapa kwanza, halafu tungekwenda pamoja, mimi na mguu wangu huu, na bisibisi yako. Tungekifungua kipande mbele yao. Wangenitazama mimi. Sasa umekwenda peke yako, wamekutazama wewe. Kwa mara nyingine."

"Nifanye nini?"

"Niletee kile kipande. Siwezi kukishusha mwenyewe, nikipanda kiti Fehim ataita watu."

Hilmo akateremka. Fehim alipinga kidogo, akasema kitu kile ni cha umma, wageni hukiulizia. Hilmo alikishusha hivyohivyo, akapanda kilima mara ya pili, pumzi zinamwisha. Sheval alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakipitisha vidoleni, taratibu, kama siku ile bandani kwenye kiwanda cha mbao. Kisha akachukua msumari wa kutobolea, akaupenyeza katikati ya nyuzi, akapinda.

Unga mwekundu ukaanguka juu ya maranda meupe.

Aliutazama muda mrefu. Nje theluji iliteleza kutoka kwenye paa, ikaanguka kwa kishindo, na wote wawili wakashtuka kama watoto.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," akasema Sheval.

"Kuamini nini?"

"Kwamba nilinunua vibaya. Mwaka wa tano hivi. Nilikuwa nakaa hapa nakumbuka zile saa mbili, mita kwa mita, natafuta ni wapi sikuona." Akafuta vidole kwenye suruali. "Nenda nyumbani, Hilmo. Na Januari usilete kitu."

Hilmo alibadilika, hilo lazima lisemwe. Anaposhuka kutoka barabarani huosha waya kwa maji safi ya moto, ndoano, kapi, kila pingu na kila skrubu. Anavikausha ghalani kwenye hewa, anapaka mafuta membamba, na kila mwezi anaukunja waya na kuchungulia ndani kwa bisibisi. Kila anapovuta gari hulaza koti juu ya waya, hata la mtu mwingine kama lake limelowa. Madereva wapya hudhani ni ushirikina. Zana zake sasa zina madoa, kama za wengine, na hazinukii chochote. Mkahawani wanasema amezeeka.

Kibandani mwake hukausha nyama tu. Nyumba ishirini na tano zilizobaki zinaendelea kama zamani. Mwezi Machi mnyororo wa mzee Nazif ulikatika ukiwa umefunga gogo. Haukumgusa mtu, na mzee alisema minyororo ya siku hizi si minyororo, ingawa ule ulikuwa wa mwaka aliooa.

Ule waya wenye cheti Hilmo aliukatakata vipande, akavirundika nyuma ya ghala vingoje mnunuzi wa vyuma chakavu. Novemba iliyofuata, theluji ya kwanza ilipoanguka, aliingia kwa Fehim kupasha mikono moto. Juu ya kaunta, kwenye msumari uleule, kilining'inia kipande cha waya, cheusi, kinang'aa. Chini yake kipande cha boksi cha zamani kilikuwa kimeandikwa upya kwa wino mpya: WAYA WA SHEVAL.

Hilmo alisimama akakitazama.

"Fehim. Huo ni wangu."

"Waya ni waya, ndugu yangu," akasema Fehim, akipangusa kikombe. "Msumari ulikuwa mtupu, wageni wanauliza. Nimeuokota nyuma ya ghala lako, najua hungeninyima. Kahawa?"

"Una cheti huo. Ni mpya. Ni wa kiwanda."

"Ndiyo maana nimechagua kipande kizuri. Sukari moja au mbili?"

Mezani palikuwa na madereva wawili wa malori kutoka upande wa pili wa mlima. Mmoja aliinua kichwa akauliza huyo Sheval ni nani, na Fehim akaweka kikombe chini na kuanza kusimulia, tangu mwanzo, polepole, kama asimuliavyo mtu anayejua hadithi yake inapendwa. Alipofika mahali pa Hilmo alimnyooshea kidole kwa fahari, na wale madereva wakainuka nusu, wakampa mkono.

Kibati cha kiwanda, chenye namba na tarehe, kilikuwa bado kimefungwa kwenye ncha ya ule waya. Fehim alikuwa amekigeuza kitazame ukutani.